Mkuki Juu au Mkuki Chini? Somo la Ushujaa Kutoka kwa Askari wa Ugiriki ya Kale



Wengi wenu mmeniuliza swali moja kwa namna mbalimbali: "Frateri, Mtakatifu Paulo anapotaja silaha za Mungu katika Waefeso sura ya 6, mbona kuna dirii, ngao, chapeo na upanga, lakini hakuna mkuki?" Swali zuri sana. Ila kabla ya kumuuliza Paulo kwa nini hakutaja mkuki, ni vizuri tujue mkuki wenyewe ulikuwa nini kwa watu wa dunia ile, ulishikwaje, na ulimfanya mtu awe askari wa aina gani.

Kwa hiyo leo tunakwenda Ugiriki, miaka mia nne na zaidi kabla ya Kristo. Niliposoma falsafa nilikutana na askari hawa kwenye kurasa za Plato, maana Socrates mwenyewe alikuwa mmoja wao. Watu wengi tunamfikiria Socrates kama mzee wa kuuliza maswali sokoni. Ni kweli, lakini mzee huyo alishika mkuki na ngao, akapigana vitani si mara moja. Tutamrudia.

Nitawaomba kitu kimoja: wekeni pembeni ile filamu ya Wasparta mia tatu. Wanaume vifua wazi, kila mmoja anaruka peke yake, anazunguka, anaua watu kumi. Sinema tamu, historia hapana. Askari wa kweli wa Ugiriki ambaye angeruka nje ya mstari namna ile angeonekana mjinga, na pengine msaliti.

1. Askari huyu alikuwa nani?

Wagiriki walimwita hopliti, jina linalohusiana na neno lao la silaha na vifaa vya vita. Katika miji mingi hakuwa askari wa kuajiriwa. Alikuwa raia: mkulima, fundi, mwenye shamba la zabibu au mizeituni. Vita ikitangazwa, alichukua vifaa vyake mwenyewe, alivyovinunua kwa fedha yake, akaenda kusimama pamoja na majirani zake. Mtu aliyesimama kulia kwake huenda alikuwa shemeji yake, na wa kushoto huenda ndiye waliyegombania mpaka wa shamba juzi.

Kifaa kilichomtambulisha zaidi kilikuwa ngao, ambayo wao waliiita aspis. Ilikuwa ya duara, ya mbao, mara nyingi imefunikwa shaba kwa nje, na upana wake karibu sentimita 90. Uzito wake ulikuwa kama kilo 6 hadi 8. Hebu fikiria umebeba ndoo ndogo ya maji kwa mkono wa kushoto, mkono umekunjwa, saa nzima. Ndani ya ngao kulikuwa na pete pana katikati ya kupitisha mkono hadi karibu na kiwiko, na kamba au mshiko mwingine ukingoni wa kukamatwa na kiganja. Kwa sababu ya mpangilio huo, nusu ya ngao ilimkinga mwenyewe, na nusu nyingine ilitokeza nje upande wa kushoto. Shikeni jambo hili, maana somo letu lote linategemea hapo.

Mkono wa kulia ndio ulioshika mkuki.

2. Mkuki wenyewe

Waliuita doru. Urefu wake ulikuwa kama mita 2 hadi 2 na nusu, yaani umemzidi mtu mrefu. Mpini wake ulikuwa wa mti mgumu usio mzito. Mbele kulikuwa na ncha ya chuma yenye umbo la jani. Nyuma kulikuwa na kitu ambacho wengi hawakijui: kitako chenye ncha yake, mara nyingi cha shaba. Wagiriki walikiita sauroteri, maana yake "muua mijusi". Pengine kwa sababu kilichomekwa ardhini, na mjusi aliyekuwa hapo chini ilikula kwake.

Kitako hicho kilikuwa na kazi nyingi. Kwanza, askari akipumzika aliusimika mkuki ardhini bila mti wake kulala kwenye unyevu. Pili, uzito wake ulivuta mizania nyuma, kwa hiyo askari aliweza kushika mkuki nyuma ya katikati, na sehemu kubwa ya urefu ikabaki mbele yake kuelekea adui. Tatu, mkuki ukivunjika, na ulivunjika mara nyingi, bado alikuwa na kipande chenye ncha. Nne, na hapa tuseme ukweli bila kupamba: mstari ulipokanyaga maadui walioanguka, kitako kile kiliweza kushushwa juu yao. Wahenga walisema, mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Tunajifunza habari za vita, lakini tusisahau kwamba upande wa pili wa ncha kulikuwa na mwana wa mtu.

Herodotus anatueleza kwamba kule Thermopylae, mwaka 480 K.K., Waajemi walitumia mikuki mifupi kuliko ya Wagiriki, na katika njia ile nyembamba urefu wa mkuki ulikuwa faida kubwa. Lakini anaeleza pia kwamba siku ya mwisho mikuki ya Wagiriki wengi ilikuwa imeshavunjika, wakabaki na panga. Mkuki ulikuwa silaha ya kwanza, upanga ulikuwa akiba.

3. Juu au chini?

Sasa tufike kwenye ubishi wenyewe, maana wanahistoria wamebishana kweli kweli juu ya jambo hili: askari huyu alishikaje mkuki wakati wa kupigana?

Chukua mpini mrefu wa fagio au wa jembe. Toka nje mahali pasipo na watu wala madirisha, tafadhali, usije ukaniletea kesi na mama yako. Jaribu mishiko hii miwili.

Mshiko wa chini: shika mpini kando ya kiuno, kidole gumba kikielekea kwenye ncha ya mbele. Unachoma mbele au kutoka chini kwenda juu. Unaweza pia kuubana mpini kwapani ili utulie zaidi.

Mshiko wa juu: inua mkono juu ya bega, kidole gumba sasa kikielekea nyuma kwenye kitako, kama mtu anayetaka kurusha. Ncha iko juu ya usawa wa ngao, unachoma mbele na kushuka chini.

Umeona? Kwanza, huwezi kuhama kutoka mshiko mmoja kwenda mwingine kwa kuinua mkono tu. Kiganja lazima kigeuke kwenye mpini. Askari alipaswa kuuchomeka mkuki ardhini na kuushika upya, au kuurusha kidogo na kuudaka, au kuuegemeza kwenye ngao kwa nukta moja. Ukiwa umebanwa na watu mbele, nyuma na pembeni, hilo si jambo dogo. Pili, simama na mshiko wa juu dakika tano bila kushusha. Bega litakuambia lenyewe.

Kila mshiko una faida na hasara zake. Wa chini unafika mbali zaidi, hauchoshi haraka, na ni mzuri kwa kutembea kuelekea adui. Lakini ngao zikikaribiana hadi kugusana, mkuki wa chini unapita wapi? Lazima utafute upenyo kati ya ngao na ngao, au upite chini yake, na kitako kinachorudi nyuma kinaweza kumchoma mwenzako tumboni au pajani. Wa juu unapita vizuri juu ya ukingo wa ngao, unalenga uso, koo na bega, sehemu ambazo ngao ya adui haifuniki vizuri. Lakini unachosha, na mkono wako unabaki wazi.

4. Mashahidi wanne

Tunajuaje basi? Katika falsafa tunafundishwa kuuliza kila dai: ushahidi wake ni nini, na ushahidi huo unaweza kusema kiasi gani? Hapa tunao mashahidi wanne.

Shahidi wa kwanza ni picha. Kuna chombo cha udongo kinachoitwa chombo cha Chigi, kilichotengenezwa karibu mwaka 650 hadi 640 K.K. na kupatikana Italia karibu na Veii. Leo kimehifadhiwa Roma katika jumba la makumbusho la Villa Giulia, jumba ambalo hapo awali lilijengwa kwa ajili ya Papa Julius III. Picha yake inaonyesha mistari miwili ya mahopliti ikikaribiana, mikuki imeinuliwa juu, na kijana anapuliza filimbi ili watembee kwa mwendo mmoja. Picha nyingi za vyombo vya Kigiriki zinaonyesha mkuki juu. Lakini shahidi huyu ana udhaifu wake. Kwenye chombo hicho hicho wapo askari wenye mikuki miwili yenye vitanzi vya kurushia, kwa hiyo baadhi ya mikuki iliyoinuliwa huenda ilikuwa ya kurusha. Tena mchoraji anataka mwili na uso vionekane, na mkono ulioinuliwa unapendeza machoni kuliko uliofichwa nyuma ya ngao. Na zipo picha nyingine zinazoonyesha mkuki chini.

Shahidi wa pili ni maandishi. Xenophon alikuwa askari na kiongozi wa askari, si mtu wa kusimuliwa. Katika kitabu chake cha safari ya Wagiriki elfu kumi anaeleza amri moja waliyopewa: waweke mikuki juu ya bega la kulia hadi tarumbeta ilie, kisha waishushe kuelekea mbele na kusonga kwa hatua za kawaida, mtu asikimbie. Kushusha kutoka begani kwenda mbele kunafanana zaidi na mshiko wa chini. Lakini hiyo ni amri ya kusogea. Ngao zikishakutana, hatuelezwi hapo mkono ulifanya nini.

Shahidi wa tatu ni vitu vilivyochimbuliwa. Kule Olympia, Wagiriki waliweka silaha nyingi kama sadaka kwa miungu yao: chapeo, ngao, ncha na vitako vya mikuki. Chuma na shaba vimedumu, mti umeoza. Vitu hivyo vinatusaidia kukadiria uzito na mizania ya mkuki, na mizania inatuambia kiganja kilikaa wapi.

Shahidi wa nne ni majaribio. Watu wa siku hizi wametengeneza vifaa kama vile vya kale, wakavivaa na kupima. Mwaustralia Christopher Matthew, katika kitabu alichochapisha mwaka 2012, alitetea kwa nguvu kwamba mapigano yalikuwa ya mshiko wa chini, na kwamba zile picha za mkono juu ni za mikuki ya kurusha. Wengine waliofanya majaribio yao wakampinga, wakisema kwamba ngao zikishasongamana mshiko wa juu ndio wenye akili.

Mimi naelekea upande wa wale wanaosema kwamba hakukuwa na jibu moja kwa vita nzima. Mkuki ulikaa begani wakati wa kutembea, ukashuka wakati wa kukaribia, na msongamano ulipoanza, mikono ikaenda juu kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na nafasi. Sababu yangu ni hii: kwa njia hiyo hatulazimiki kumfukuza shahidi yeyote mahakamani. Xenophon anasema kweli kuhusu mwendo, na wachoraji wanasema kweli kuhusu mgongano. Ukiona nadharia inayokulazimu kuwaita mashahidi wengi waongo, iangalie mara mbili. Hii itakufaa hata ukiwa unasoma mambo ya imani mtandaoni, ambako mtu huchukua mstari mmoja wa Biblia na kuwanyamazisha mashahidi wengine wote.

5. Kilichoshinda si mkuki

Lakini jamani, ukiwasoma Wagiriki wenyewe utaona jambo la kushangaza. Wanazungumza kidogo sana kuhusu ufundi wa kuchoma. Wanachosisitiza ni mstari.

Mara nyingi walijipanga safu nane kwenda nyuma, bega kwa bega. Kule Delium, mwaka 424 K.K., watu wa Thebes walijipanga safu 25. Mikuki ya mita mbili na nusu haiwezi kufika kwa adui kutoka safu ya nne, achilia mbali ya ishirini. Kwa hiyo sehemu kubwa ya jeshi ilishika mikuki ambayo kwa wakati ule haikumgusa mtu. Kazi yao ilikuwa kuwepo, kutokimbia, na kuziba nafasi ya aliyeanguka mbele.

Mkumbuke ile nusu ya ngao iliyotokeza kushoto. Ilimkinga nani? Jirani wa kushoto, kwenye ubavu wake wa kulia, ule wa mkono wa mkuki usio na ngao. Plutarch anasimulia kwamba Demaratus, mfalme wa Sparta, aliulizwa kwa nini aliyepoteza ngao anaaibishwa, lakini aliyepoteza chapeo au dirii hapana. Jibu lake kwa kifupi: chapeo na dirii mtu anavaa kwa ajili yake mwenyewe, ngao anabeba kwa ajili ya mstari wote.

Thucydides naye, akieleza vita ya Mantinea ya mwaka 418 K.K., anatupa picha ya kibinadamu kabisa. Anasema majeshi yote yalipokuwa yakisogea mbele yalikuwa yanapinda kwenda kulia. Kwa nini? Kwa hofu. Kila askari alijisogeza kidogo kidogo kuelekea ngao ya mwenzake wa kulia ili ubavu wake ufichike zaidi. Hakuna aliyekimbia, hakuna aliyesaliti. Kila mtu kasogea hatua ndogo tu kutafuta usalama wake, na mstari mzima ukapoteza mwelekeo. Mfalme Agis wa Sparta alipojaribu kurekebisha kwa kuhamisha vikosi dakika za mwisho, pengo likafunguka katika jeshi lake mwenyewe. Siku ile walishinda, lakini pengo lile liliwaweka hatarini sana.

Na kuna habari ya Chabrias, jemadari wa Athene, mwaka 378 K.K. karibu na Thebes. Mfalme Agesilaus wa Sparta alikuwa anapanda kilima na jeshi lililoogopwa kuliko yote. Chabrias akatoa amri ya ajabu: wanaume wabaki kwenye mstari, waegemeze ngao kwenye magoti, na wasimamishe mikuki wima. Hakuna mshiko wa juu, hakuna wa chini. Walisimama tu, kwa utulivu, kama watu wasiobabaishwa. Agesilaus akaona nidhamu ile, akasimamisha jeshi lake, na hakuwashambulia. Baadaye sanamu ya Chabrias ilichongwa ikiwa katika mkao huo. Mkuki uliompatia sifa ni mkuki ambao haukuchoma mtu.

6. Socrates na yule bwana wa mkuki wenye mundu

Plato aliandika mazungumzo yanayoitwa Laches. Wazazi wawili wanauliza: je, vijana wetu tuwapeleke kwa mwalimu wa kupigana kwa silaha? Wanawaita majemadari wawili, Nicias na Laches, wawashauri. Nicias anaunga mkono. Laches anacheka.

Anasimulia habari ya mwalimu mmoja wa mapigano, Stesilaus, aliyejigamba sana kwa ufundi wake. Alikuwa amebuni silaha yake ya pekee: mkuki wenye mundu. Siku moja akiwa melini, alipiga silaha yake kwenye kamba za meli ya adui, ikanasa. Anavuta, haitoki. Meli zinapishana, naye anakimbia sitahani huku ameushikilia mpini, hadi akabaki ameshika kitako tu. Watu wa meli ile nyingine wakapiga makofi kwa kicheko. Mtu mmoja akamrushia jiwe miguuni, ndipo akauachia, na mkuki ukaenda ukining'inia kwenye meli ya watu. Hata wenzake wakashindwa kuzuia kicheko.

Kisha Socrates anageuza mazungumzo. Kabla ya kujua kama ufundi unaleta ushujaa, tujue ushujaa ni nini. Laches anajibu kijeshi: ni kubaki kwenye nafasi yako na kutokimbia. Socrates anamkumbusha kwamba kule Plataea Wasparta walirudi nyuma kwanza, kisha wakageuka na kushinda. Mazungumzo yanaisha bila jibu kamili. Lakini ona ni nani anayeuliza. Kwenye vita ya Delium, Waathene walishindwa vibaya. Karibu watu elfu moja wao walikufa, pamoja na jemadari wao Hippocrates, na Thucydides anasema baadhi yao katika vurugu hawakutambuana, wakauana wao kwa wao. Katika mkimbio ule, Socrates alionekana akitembea pamoja na Laches huyo huyo, ametulia, anatazama huku na huku, marafiki na maadui, kiasi kwamba hakuna aliyethubutu kumgusa. Na miaka mingi baadaye, mbele ya mahakama iliyomhukumu kifo, alisema kwamba kama hakuiacha nafasi aliyowekwa na majemadari, ingekuwa jambo baya sana kuiacha nafasi aliyowekwa na Mungu.

7. Turudi kwa Paulo

Sasa lile swali: mbona hakuna mkuki? Kwanza, Paulo hakuwa anamchora hopliti. Neno analotumia kwa ngao ni lile la ngao ndefu kama mlango, sio ile aspis ya duara. Picha yake iko karibu zaidi na askari wa Kirumi, aliyejulikana kwa upanga wake. Tusimlazimishe kueleza zaidi ya alichokusudia.

Pili, somo lile lisome polepole uhesabu kitenzi kinachorudi. Ni kusimama. Vifaa karibu vyote alivyotaja ni vya kujikinga, na lengo lake ni kwamba tubaki tumesimama. Tena anasema wazi kwamba adui wetu si watu wa damu na nyama. Vijana wenzangu, hapa tusimame kidogo. Ninaona kwenye makundi yetu ya WhatsApp na kurasa zetu tukiita "vita vya kiroho" kile ambacho kwa kweli ni kumtukana Mprotestanti, kumdhalilisha Mwislamu, au kumchafua kiongozi wa jumuiya tusiyempenda. Huo ni mkuki, na unamchoma binadamu. Paulo hakukupa.

Tatu, Mtakatifu Tomaso wa Akwino anafundisha kwamba tendo kuu la fadhila ya ushujaa si kushambulia bali ni kustahimili. Anatoa sababu tatu. Anayestahimili kwa kawaida anakabiliana na aliye na nguvu kuliko yeye. Hatari kwake tayari ipo, wakati anayeshambulia anaiona bado iko mbele. Na kustahimili kunachukua muda mrefu, wakati kushambulia kunaweza kuwa tendo la ghafla. Wale wanaume wa Chabrias waliosimama na mikuki wima wangemwelewa Tomaso mara moja.

Na kuna mkuki mmoja Injili inautaja, Yohana sura ya 19. Uko mkononi mwa askari, na unaelekea ubavuni mwa Bwana wetu. Hakuwa na ngao, wala jirani wa kumfunika. Wengi wa waliokuwa kwenye mstari wake walikuwa wamekimbia. Yeye alibaki kwenye nafasi yake.

8. Ya kutafakari wiki hii

Wengi wetu hatutakimbia imani kwa siku moja. Tutapinda tu kulia kidogo kidogo, kama wale wa Mantinea: Jumapili moja nimechoka, jumuiya inaweza kuendelea bila mimi, rafiki yangu anapitia magumu ila atajisaidia. Kila hatua ndogo ina sababu nzuri. Tatizo ni ubavu wa nani unabaki wazi.

Jiulize, peke yako au na wenzako:

1. Ni nani yuko kushoto kwangu, yaani nani anategemea ngao yangu? Taja jina moja.
2. Ni hatua gani ndogo ya kutafuta usalama wangu nimeifanya mwezi huu, na imemwacha nani wazi?
3. Je, nina "mkuki wenye mundu", kipaji au maarifa ninayojionyesha nayo lakini hayamsaidii mtu siku ya shida?
4. Kuna mtu niliyemchoma kwa maneno nikiita kazi hiyo utetezi wa imani? Nitamrudiaje?

Baada ya swali la kwanza, usiishie kwenye kutafakari. Mpigie simu huyo mtu kabla ya Jumapili. Usimhubirie. Mwulize tu hali, na usikilize.

Tuombe: Bwana Yesu, uliyesimama mahali ulipowekwa na Baba hata ubavu wako ukachomwa, utupe moyo wa kustahimili. Utuondolee mikuki tunayowaelekezea ndugu zetu, na utufundishe kubeba ngao kwa ajili ya aliye kando yetu. Amina.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, utuombee.